Chemchemi ya Bafuni kwa Bi Kidawa

Iko nchi inaitwa Salimini. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa kurekebishwa na haijarudi, na wananchi wameombwa waendelee kuishi kwa makadirio. Ni nchi nzuri. Mambo yake yote yamekamilika, na yale ambayo hayajakamilika yamezinduliwa.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna Mtaa wa Ufanisi. Zamani uliitwa Dimbwini, maana kila masika maji yalijaa hadi magotini. Serikali ikaunda tume, tume ikafanya utafiti kwa miaka minne, ikagundua kuwa chanzo cha tatizo ni jina. Jina likabadilishwa. Kibao kipya kikasimikwa kwa ngoma na matarumbeta. Masika yaliyofuata maji yalikuja, yakakikuta kibao, yakakizunguka, yakaendelea na safari zake.

Hapo ndipo alipokuwa akiishi Bi Kidawa Mtepa, mkunga mstaafu. Alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, wakiwemo watu kadhaa waliokuja kuwa wakubwa serikalini. Hakumwogopa hata mmoja wao, kwani wote alikutana nao kwa mara ya kwanza akiwa amewashika miguu, vichwa vinaning'inia chini, wanalia.

Aliishi na mumewe, Mzee Akilimali, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla ramani haijapelekwa kurekebishwa. Mzee Akilimali alikuwa na vitu viwili visivyomwacha: pumu, na redio. Pumu ilimpunguzia pumzi, redio ikamwambia kuwa anapumua vizuri, na yeye, kwa kuwa alikuwa raia mwema kupita kiasi, aliiamini redio.

Basi mwaka huo mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne asubuhi jua likatoka, na Bi Kidawa akaamshwa na harufu.

Haikuwa harufu ya kubahatisha. Ilikuwa harufu inayojiamini. Iliingia sebuleni bila kupiga hodi, ikakaa kwenye makochi, ikapanda mapazia, ikaingia kabati la vyombo na kujipenyeza mpaka kwenye birika la chai. Bi Kidawa aliifuata hadi bafuni, akakuta tundu la maji la sakafuni linakoroma kama mtu aliyelala chali: blu, blu, bluuu.

Mama huyu hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alimwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la nyumba, maana alijua bomba likikauka pale kwenye kona yake, hewa chafu hupanda. Harufu haikushtuka. Akatoka uani, akainua mfuniko wa chemba, akachungulia. Maji machafu yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, na hayakuwa yakienda. Yalikuwa yakija. Yale yote ambayo nyumba ile iliyatuma barabarani mwaka mzima yalikuwa yamerudi, tena yameongozana na ya majirani.

Akarudi ndani. Mumewe alikuwa ameketi kitini, redio sikioni, anakohoa.

"Baba Riziki, unasikia harufu?"

"Harufu gani?" alisema Mzee Akilimali. "Asubuhi hii wametangaza kwamba mfumo mpya wa maji taka umefaulu mtihani wa mvua kwa asilimia mia moja na kumi na mbili."

"Sijaiuliza redio. Naiuliza pua yako."

"Pua yangu haijapata taarifa rasmi, Mama Riziki," alijibu, kisha akakohoa mpaka miwani ikamdondoka.

Bi Kidawa aliokota miwani, akaifuta, akamvisha. Alisikiliza kifua chake kwa sikio lake mwenyewe, kama alivyozoea kazini. Ndani mlikuwa na mluzi. Akajifunga khanga, akachukua mkoba, akaenda Wizarani.

Wizara iliyohusika iliitwa Wizara ya Usafi na Faraja ya Pua. Zamani palikuwa na Ofisi ya Malalamiko hapo chini, lakini Waziri alibaini kuwa tangu ofisi ile ianzishwe, watu wamekuwa wakilalamika. Akaifunga. Mahali pake pakafunguliwa Ofisi ya Kupokea Shukrani, dirisha lilelile, kiti kilekile, na karani yuleyule mwenye kipara, Bwana Kilindo.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Kilindo.

"Marahaba. Nyumba yangu inanuka. Maji taka yanarudi ndani."

Bwana Kilindo alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama dirishani. "Mama, hapa tunapokea shukrani tu. Kama huna la kushukuru, basi umekosea mlango."

"Mume wangu ana pumu. Ana siku chache kabla kifua hakijaziba kabisa. Nitashukuru nini?"

"Kuna namna," alinong'ona karani, akavuta karatasi. "Tuandike pamoja. Nyumba yako imepata nini?"

"Uchafu."

"Rasilimali," aliandika Bwana Kilindo. "Kutoka wapi?"

"Kutoka bomba la barabarani, lile mlilozindua."

"Kutoka kwa serikali yake sikivu. Kwa kiasi gani?"

"Chemba imejaa mpaka juu!"

"Kwa wingi. Na mzee anajisikiaje?"

"Hawezi kuvuta pumzi."

Bwana Kilindo alifikiri kidogo, kalamu ikigusa kipara. "Ameishiwa pumzi kwa furaha," aliandika. Akagonga muhuri, akampa nakala. "Nenda nyumbani, mama. Hii lazima itafika juu. Barua nzuri kama hii hatujaipata tangu Januari."

Jioni ileile barua ilisomwa redioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya muziki wa taarabu. Mzee Akilimali aliposikia jina la mkewe linatajwa na mtangazaji, alisimama wima, mikono ubavuni, machozi yakimlengalenga. Ni vigumu kusema kama yalikuwa machozi ya fahari au ya hewa ya nyumba ile.

Siku mbili baadaye alifika Mpimaji Mkuu wa Harufu, Bwana Dihenga, amevaa koti jeupe, ameshika futi kamba na kitabu kikubwa cha jalada jekundu. Bi Kidawa alimfungulia mlango akiwa amejifunga kitambaa puani.

"Karibu, baba. Ingia ujionee."

Bwana Dihenga aliingia, akavuta pumzi ndefu katikati ya sebule, akatabasamu. Bi Kidawa alimtazama kwa mshangao. Alikuwa ameona watu wengi wenye ujasiri, lakini hakuwahi kuona mtu akivuta pumzi ile na kubaki amesimama.

"Husikii kitu?"

"Mama, mimi sijasikia harufu yoyote tangu nina miaka sita," alisema Bwana Dihenga kwa majivuno ya kitaalamu. "Nilianguka kutoka juu ya mwembe, nikatua kwa pua. Ndiyo maana nilishinda usaili. Walikuja watu arobaini na tatu wenye pua nzima, na wote walionekana wana upendeleo."

Akaanza kazi. Alinyoosha futi kamba kutoka mlangoni hadi dirishani, akaandika. Akapima kimo cha mlango wa bafu, akaandika. Akaingia bafuni, akaliona tundu linakoroma na kutema povu la kijivu, akaliwekea rula, akaandika tena. Viatu vyake vilikuwa vimezama nusu.

"Haya unayoyakanyaga ni nini?" aliuliza Bi Kidawa.

"Unyevunyevu wa msimu," alisema Bwana Dihenga, akafunga kitabu. "Matokeo: urefu mita nne, upana mita tatu na nusu, harufu sifuri. Hongera, mama."

Mzee Akilimali alitaka kumshukuru mgeni, akafungua mdomo, kikatoka kikohozi kirefu kilichompinda mpaka kichwa kikagusa magoti. Bwana Dihenga akafungua tena kitabu na kuongeza mstari: *Mwenyeji alishangilia.*

Baada ya ripoti ile kupanda ngazi, mambo yalikwenda mbio. Wizarani waliona kuwa nyumba iliyotoa barua nzuri ya shukrani na kupimwa harufu sifuri inastahili kutembelewa. Jumatatu likaja lori la viti vya plastiki. Jumanne likaja lori la fulana nyeupe zenye maneno ASANTE KWA USAFI, kila nyumba ikagawiwa fulana sita, pamoja na nyumba ambazo hazikuwa na watu. Jumatano akaja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mbarazi.

Dakta Mbarazi alikuwa na shahada ya uzamivu aliyopewa na chuo alichokizindua mwenyewe, asubuhi akikata utepe, mchana akivikwa joho. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti inayotangulia mwili. Aliingia sebuleni kwa Bi Kidawa akifuatwa na wapiga picha, akaketi kwenye kochi, akainuka ghafla, kisha akakumbuka kuwa kamera zinamwangalia, akaketi tena taratibu.

"Ndugu wananchi!" alianza, huku macho yakimtoka maji. "Tulipoingia madarakani, nchi hii haikuwa na bomba. Leo tuna mabomba! Wapo wanaosema, Mheshimiwa, mabomba hayaonekani. Nawauliza, je, moyo wako unauonaje? Hauonekani, lakini unadunda! Na mabomba yetu..."

Tundu la bafuni likajibu: bluuu.

"...yanadunda!" alimalizia Waziri, na watu wake wakapiga makofi.

Bi Kidawa aliona huo ndio wakati wake. "Mheshimiwa, naomba uje uone kwa macho yako," alisema, na kabla wasaidizi hawajamzuia alimshika mkono, akamfikisha bafuni na kusukuma mlango.

Sijui kama ulikuwa mlango uliosukumwa kwa nguvu, au ni mtaa mzima uliovuta maji ya choo kwa pamoja ukijiandaa kumpokea Waziri. Nijualo ni kwamba maji yalipanda. Yaliruka kutoka kwenye tundu la sakafu yakiwa wima kama mlingoti, yakagonga dari, yakafunguka kama mwavuli, yakashuka juu ya Mheshimiwa Dakta Mbarazi, koti lake la sufu, na karatasi ya hotuba.

Wapiga picha waliendelea kupiga picha kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia waache. Bwana Dihenga alikuwa hapo pembeni na rula yake, akapima kimo, akaandika.

Waziri alijifuta jicho moja. Ndipo ilipoonekana kwa nini yeye ni waziri na sisi wengine si mawaziri. Mtu wa kawaida angekimbia. Yeye aliinua mkono juu, tone likimning'inia kwenye kidole, akasema kwa sauti ya kutetemeka:

"Ndugu wananchi, nimegundua chemchemi!"

Makofi yalisikika hadi barabarani.

Siku hiyohiyo, kabla koti halijakauka, ikatoka amri. Bafu la nyumba ya Bi Kidawa Mtepa ni Chemchemi ya Taifa. Ni marufuku kuichimba, kuiziba, kuizibua, kuihamisha au kuisema vibaya. Utepe wa manjano ukazungushwa mlangoni mwa bafu, kibao kikapigiliwa, na wenyeji wakatakiwa kwenda kuoga kwa majirani ili wasiisumbue.

"Kwa hiyo tunaishi na kitu hiki milele?" Bi Kidawa aliuliza.

"Ni heshima kubwa, Mama Riziki," alisema mumewe kwa sauti nyembamba. "Kwenye jiografia, si kila mtu..." Hakumaliza.

Siku nne zilipita. Wageni wa serikali walikuja kwa zamu kuitazama chemchemi, wakapiga nayo picha na kuondoka kwa haraka wakisema wana kikao. Bi Kidawa alimhamishia mumewe uani chini ya kivuli cha turubai, lakini uani ndiko kulikokuwa na chemba. Alimwomba waende kwa dada yake, kijijini nje ya mji. Mzee alikataa. Alisema kumkimbilia shemeji ni sawa na kusema kuna kitu wanachokikimbia, na wakati redio inasema hakuna, yeye atakuwa nani wa kusema kipo?

Asubuhi ya siku ya tano Bi Kidawa alimletea uji. Akakuta redio imezimwa. Katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kuikuta imezimwa na mtu. Betri zilikuwa zimeisha mara nyingi, lakini kuzimwa, hapana. Midomo ya mzee ilikuwa imepauka, na kila pumzi aliivuta kwa mabega yote mawili kama anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Mama Riziki," alisema.

"Nipo."

"Inanuka."

Bi Kidawa aliweka bakuli chini. Alikuwa amesubiri neno lile siku kumi na moja, na sasa lilipokuja halikumfurahisha hata kidogo.

"Inanuka sana," alisema Mzee Akilimali, na machozi yakamtoka. "Ilikuwa inanuka tangu siku ile ya kwanza. Nisamehe. Nilidhani nikinyamaza itaondoka."

"Kunywa uji wako," alisema Bi Kidawa, akimpangusa uso kwa ncha ya khanga. "Leo nyumba hii itapumua. Wakitaka kunifunga, watanikuta."

Akaenda moja kwa moja kwa Fundi Lugome, fundi bomba wa mtaa wa juu, mtu mwembamba asiyeongea sana, mwenye mikono iliyojaa makovu ya koleo. Bi Kidawa alimweleza. Fundi Lugome alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kuvaa buti.

"Mama, unajua ni marufuku?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako mchana."

"Kwa nini mchana?"

"Watu wakiona mtu anachimba usiku, wanaita polisi. Wakiona anachimba saa nne asubuhi amevaa fulana ya Wizara, wanampisha."

Walivaa fulana za ASANTE KWA USAFI, wote wawili, wakachukua sururu, chepe, mtaimbo, karai, msumeno na bomba la plastiki la inchi sita. Ikawa kama alivyosema. Askari wa barabarani aliwaona wanaanza kufungua mfuniko katikati ya njia, akapiga saluti, akazuia magari.

Mifuniko ile ilikuwa ya chuma, mizito, kila mmoja umechongwa sura ya Dakta Mbarazi akitabasamu. Ilikuwa mia nne mji mzima, na ilizinduliwa mmoja mmoja. Fundi Lugome aliingiza mtaimbo, akainua wa kwanza. Chini yake palikuwa na udongo.

"Labda wamefukia," alisema Bi Kidawa.

Wakainua wa pili. Udongo, na nyungunyungu mmoja aliyeonekana kushangazwa na mwanga. Wakainua wa tatu, udongo. Wa nne ulikuwa umewekwa juu ya lami moja kwa moja, bila hata shimo.

Fundi Lugome alikaa kitako barabarani. "Mama, hakuna bomba hapa. Wameweka mifuniko tu."

"Sasa maji yetu yamekuwa yakienda wapi miaka yote hii?"

"Kwenye bomba la zamani. Lile la udongo lililolazwa enzi za babu yangu, linapita pale." Alinyoosha kidole, kikatua moja kwa moja kwenye Mnara wa Uzinduzi wa Mfumo Mpya wa Maji Taka, nguzo ya zege ya urefu wa nyumba mbili iliyojengwa mwaka mmoja kabla ya mvua hizo.

Walichimba pembeni mwa mnara mpaka saa saba. Bi Kidawa, umri wake miaka sitini na sita, alichota udongo kwa karai huku fundi akipiga sururu. Wapita njia waliwapa pole ya kazi. Mjumbe mmoja wa chama aliwaletea maji ya kunywa na kuwapongeza kwa uzalendo. Mwishowe wakaliona: bomba la zamani, zima na imara, na mguu wa mnara umeshuka katikati yake kama mkuki, ukaliziba kabisa.

"Waliijenga shukrani juu ya koo la mji," alisema Fundi Lugome, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mazito kuliko yote siku hiyo.

Mnara hawakuugusa. Fundi alikata bomba la udongo upande wa juu wa nguzo, akalikata na upande wa chini, akazungusha bomba la inchi sita kando ya zege kama mtu anayempita mlevi kwenye kichochoro, akaliunga. Kisha akatoa kizibo alichokuwa ameweka kuzuia maji. Wakasikia sauti kubwa chini ya miguu yao, kama ng'ombe anayemeza, ikaja kutoka juu ya mtaa, ikapita, ikaenda zake mtoni. Askari wa barabarani akapiga saluti tena bila kujua anampigia nani.

Bi Kidawa alikimbia nyumbani. Chemba ilikuwa tupu mpaka chini. Bafuni tundu lilinyamaza. Alivuka utepe wa manjano, akamwaga maji, akasugua sakafu, ukuta na dari kwa sabuni na ndimu, akafungua madirisha yote, akayatoa mapazia nje. Saa kumi jioni alikwenda uani, akamshika mumewe mkono na kumwingiza ndani. Mzee Akilimali alisimama katikati ya sebule, akafumba macho. Alivuta pumzi kwa tahadhari, kidogo, kama anayeonja mchuzi wa moto. Kisha akavuta nyingine, ndefu. Halafu akaketi na kulala usingizi palepale kitini, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka bila mluzi. Bi Kidawa alikaa mkabala naye akimtazama, mikono yake ikinuka ndimu.

Walikuja kumkamata kesho yake, pamoja na Fundi Lugome. Mashtaka yalikuwa matatu: kuiba chemchemi, kupita kando ya mnara kwa njia ya dharau, na kupumua kinyume cha taarifa.

Kesi ilisikilizwa Mahakama ya Mji, mbele ya Hakimu Tunu Kasirwa, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na sifa ya kutocheka. Ukumbi ulijaa. Mzee Akilimali aliketi mstari wa mbele, amevaa tai. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya, na mwendesha mashtaka alipoinuka kusema, mvua ikaanza kumwagika.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema mwendesha mashtaka, "nchi ilikuwa na chemchemi. Leo haina. Jamhuri inaomba washtakiwa waamriwe kuirudisha harufu yote, kwa ujazo uleule, ndani ya siku kumi na nne."

"Harufu?" aliuliza Hakimu. "Hati yako inasema chemchemi."

"Chemchemi, Mheshimiwa. Ulimi umeteleza."

Aliitwa shahidi, Bwana Dihenga. Alifungua kitabu chekundu na kusoma kwa sauti kuwa kabla ya tukio harufu ilikuwa sifuri, na baada ya tukio ni sifuri.

"Kwa hiyo washtakiwa wameondoa nini?" Hakimu aliuliza.

"Kitaalamu, Mheshimiwa, sifuri," alisema Bwana Dihenga, na mwendesha mashtaka akamtupia jicho kali.

Ndipo, kutoka nyuma ya kiti cha Hakimu, kwenye mlango mdogo wa maliwato ya mahakama, ikasikika: blu.

Hakuna aliyegeuka. Mvua ilizidi kupiga paa. Ikasikika tena, blu, blu, bluuu, na baada ya muda mfupi harufu ikaingia mahakamani. Iliwapitia makarani, ikawapitia mawakili, ikapanda kizimbani, ikapanda na kwa Hakimu. Watu wote waliisikia, isipokuwa Bwana Dihenga, na wote walijua kuwa kwa mujibu wa taarifa haipo. Mwendesha mashtaka alianza kupumua kwa mdomo. Karani aliyeandika mwenendo wa kesi alitokwa na machozi juu ya karatasi. Maji ya kijivu yakachungulia chini ya mlango, yakatambaa polepole hadi kwenye viatu vya askari, na askari akasimama wima zaidi.

Hakimu Tunu Kasirwa aliyatazama yale maji yakitambaa. Kisha akavua miwani.

"Mshtakiwa wa kwanza," alisema, sauti yake ikitokea puani. "Bomba mlilotumia lilikuwa la inchi ngapi?"

"Sita, Mheshimiwa," alisema Bi Kidawa.

"Na kazi yote iliwachukua muda gani?"

"Tulianza saa nne, tukamaliza saa saba na nusu."

"Nyumba ikaacha kun... ikaacha kuwa chemchemi mara moja?"

"Palepale, Mheshimiwa. Mume wangu ndiye yule pale. Msikilize anavyopumua."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mzee Akilimali. Mzee alisimama, akarekebisha tai. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini aliyasema yote kwa kuvuta pumzi moja ya kifua kizima mbele ya mahakama, katikati ya harufu ile, bila kukohoa. Kisha akatamka kwa sauti ya darasani: "Hapa pananuka, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alishika kichwa. Lakini radi haikupiga, wala paa halikuanguka. Hakimu aliandika kitu kwenye faili, akaandika tena, akainua uso.

"Mahakama imetafakari," alisema. "Kosa hili ni geni katika sheria zetu, na mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa kosa isilolielewa. Kwa hiyo naamuru washtakiwa walirudie kosa lao, hapahapa, kwenye jengo hili, leo kabla ya saa nane, wakiwa na vifaa vyao vyote, ili mahakama ijionee uzito wake. Mwendesha mashtaka, una pingamizi?"

"Jamhuri haina pingamizi," alisema mwendesha mashtaka haraka, kitambaa kikiwa mdomoni. "Jamhuri itashika chepe."

Saa nane kasorobo mahakama ikawa inapumua. Hakimu alikiri kuwa kosa ni zito kweli, akasema ushahidi bado hautoshi, akaiahirisha kesi na kuihamishia Hazina, ambako nako mvua ilikuwa imeingia. Kutoka Hazina ikahamishiwa Makao Makuu ya Polisi, kisha Bunge, kisha shule tatu na zahanati moja.

Mpaka leo Bi Kidawa na Fundi Lugome hawajafungwa wala hawajaachiwa. Kila asubuhi gari la serikali linawachukua, pamoja na koleo na mabomba, kwenda kusikilizwa. Juma lililopita kesi ilikuwa nyumbani kwa Dakta Mbarazi, bafuni, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyewashikia tochi. Wanasheria wa Salimini wanasema ni kesi ngumu, huenda ikachukua mifuniko yote mia nne kabla ya hukumu kutoka, na wananchi wengi, hasa wa mabondeni, wameandika barua kuomba wawe mashahidi.